Pabu Kongwe za Uingereza: Ni Nini Hasa Chenye Umri Huo?

Picha yenyewe huenda umeshatumiwa. Nyumba nyeupe yenye mbao nyeusi zilizopinda, dirisha moja limelala upande, paa limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, na chini yake maneno: "Hii ndiyo baa kongwe kuliko zote Uingereza." Tatizo ni kwamba juzi ilitumwa ya Nottingham ikiwa na mwaka 1189, leo imekuja ya St Albans ikiwa na mwaka 793, na wiki ijayo itakuja nyingine. Kisha mjadala unaanza. Mmoja anasema wenzetu wanajua kutunza vitu. Wa pili anasema huo ni uongo mtupu, ubao hauwezi kukaa miaka elfu. Wa tatu anauliza kwa nini taifa zima lihangaike na kilabu cha pombe.

Huyu wa tatu aliishangaa Uingereza zaidi Agosti 2023, pale Crooked House, pabu iliyoinama huko Staffordshire, ilipoungua moto tarehe 5 na kubomolewa tarehe 7. Watu walikwenda kusimama mbele ya kifusi wakilia. Nitairudia nyumba hiyo, kwa sababu ni somo zuri. Lakini kwanza tukubaliane maneno, maana nusu ya ubishi huu inatokana na watu kutumia neno moja kwa vitu vinne.

Pabu ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha nyumba ya watu wote. Shika hilo neno nyumba. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, pabu ilikuwa nyumba ya mtu, naye akiishi humohumo na familia yake, ila chumba cha mbele kiko wazi kwa mteja yeyote. Sisi tumezoea kusema baa, na neno hilo nalo lina kisa chake: kwa Kiingereza lilikuwa jina la kizuizi, ile kaunta au ubao unaomtenga muuzaji na mnywaji. Tulipolipokea tukalipa jengo zima. (Kwamba Kiswahili tayari kilikuwa na baa nyingine yenye maana ya janga, hilo nawaachia wake za walevi walitolee maoni.)

Zamani hapakuwa na kitu kimoja kiitwacho pabu. Palikuwa na aina tatu za nyumba, na msomaji wa huku kwetu atazitambua zote bila shida.

Ya kwanza ni kilabu. Ndiyo, kilabu cha pombe ya kienyeji kama tunavyokijua: mama anapika pombe ya shayiri nyumbani kwake, ikiiva anauza, ikiisha anafunga. Katika Uingereza ya karne za kati kazi hii ilikuwa zaidi ya wanawake, na tangazo lao lilikuwa mti mrefu uliochomoza juu ya mlango, wenye kichaka cha majani kwenye ncha. Majani yakionekana, pombe ipo. Ya pili ni nyumba ya mvinyo, ya wenye pesa, mijini, kwa sababu mvinyo ulitoka ng'ambo na bei yake haikuwa ya mkulima. Ya tatu ni gesti: mahali pa kulala msafiri, kulisha farasi, kula na kunywa. Hesabu ya serikali ya mwaka 1577, iliyofanywa kwa ajili ya kodi, ilipata vilabu zaidi ya 14,000, gesti 1,631 na nyumba za mvinyo 329. Kwa hiyo mtu akikuambia babu wa pabu zote ni gesti kubwa yenye ua na farasi, mwonyeshe hesabu hiyo. Vilabu vilikuwa vingi kuliko gesti zaidi ya mara nane. Ila kilabu kilikuwa kijumba cha kawaida, kikachakaa, kikaanguka, kikasahauliwa. Gesti zilijengwa kwa pesa, ndiyo maana nyingi ya zile tunazozipiga picha leo zilianza kama gesti.

Sasa turudi kwenye umri.

Mtu akisema pabu fulani ni ya mwaka fulani, muulize: ni kiwanja, ni jengo, ni biashara, au ni jina? Hivyo ni vitu vinne, na mara nyingi vina umri nne tofauti. Chukua Ye Olde Fighting Cocks ya St Albans, ile ya mwaka 793. Mwaka huo kwa mapokeo ndio uliohusishwa na kuanzishwa kwa abasia (makao ya watawa) ya St Albans na mfalme Offa. Ni mwaka wa jirani. Jengo lenyewe lina pembe nane, na lina umbo hilo kwa sababu lilikuwa banda la njiwa la abasia, la takribani mwaka 1400. Abasia ilipofungwa katika karne ya 16, banda likafunguliwa vipande na kuhamishiwa lilipo sasa, yapata mwaka 1600. Leseni ya pombe inaonekana mwaka 1756, na wakati huo pabu iliitwa Three Pigeons, yaani Njiwa Watatu, jina lililokumbuka asili yake vizuri kabisa. Jina la sasa, la majogoo wapiganao, ni la 1872. Basi ina umri gani? Kiwanja kina simulizi ya karne ya 8, mbao ni za karne ya 14 au 15, biashara ni ya karne ya 18, na ubao wa jina ni wa karne ya 19. Anayeandika "793" ukutani amechagua namba moja kati ya hizo, ile inayouza.

Nottingham hali ni hiyohiyo. Ye Olde Trip to Jerusalem imeandikwa 1189 kwa herufi kubwa kwenye ukuta wake mweupe, mwaka aliotawazwa Richard wa Kwanza, mfalme wa vita vya msalaba. Nyuma ya pabu hiyo kuna mapango yaliyochongwa katika mwamba wa mchanga uliobeba ngome ya mji, na mapango hayo ni ya kale kweli. Lakini nyumba iliyosimama mbele yake ni ya katikati ya karne ya 17, na jina lake halionekani kabla ya 1799. Ndani kuna kijimeli cha mfano kilichojaa vumbi ambacho hakuna anayethubutu kukifuta, kwa imani kwamba waliowahi kukisafisha walikufa. Hilo la vumbi, nakiri, ni ushahidi wa umri unaoonekana kwa macho kuliko ule wa ukutani.

Na hilo neno "Ye" linalowatatiza wengi? Halisomwi "yi". Ni "the" ya kawaida. Kiingereza cha kale kilikuwa na herufi yake maalumu ya sauti ya "dh" na "th". Iliandikwa kwa mkono ikafanana na Y, na wachapaji waliokosa herufi hiyo kwenye masanduku yao wakaweka Y. Kwa hiyo pabu yenye "Ye Olde" mlangoni haijathibitisha ukale wowote. Mtindo huo ulipendwa sana na wafanyabiashara wa karne ya 19, na mara nyingi ubao unasema mengi kuhusu aliyeupaka rangi kuliko kuhusu nyumba.

Kama unataka jengo moja la kujifunzia kusoma haya yote, nenda Southwark, kusini mwa mto Thames, kwenye barabara ya Borough High Street. Kuna lango upande wa mashariki wa barabara, unaingia kwenye ua, na kulia kwako iko The George. Ni gesti pekee iliyobaki London yenye roshani ndefu zinazotazama uani.

Kwa nini iwe pale? Fikiria Chalinze au Mtito Andei: mahali ambapo mabasi na malori hayana budi kusimama, na kwa hiyo gesti zimejipanga pande zote za barabara. Kwa karne nyingi London ilikuwa na daraja moja tu la kuingilia kutoka kusini, na usiku malango ya daraja yalifungwa. Msafiri aliyetoka Kent au bandarini Dover akachelewa, alilala Southwark. Aliyetaka kuondoka alfajiri pia alilala Southwark. Mwaka 1598 mwanahistoria John Stow aliitaja barabara hiyo akaorodhesha gesti zake, zikiwemo Tabard, George na White Hart, zikifuatana. Tabard ndiyo ile ambamo mshairi Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, aliwakusanya mahujaji wa hadithi yake kabla ya safari ya kwenda Canterbury.

Kwa hiyo gesti ya George ilikuwapo katika karne ya 16. Jengo unaloliona silo hilo. Mei 1676, miaka kumi baada ya ule moto maarufu ulioteketeza London ng'ambo ya mto, Southwark nayo iliungua, nyumba mamia zikateketea, George ikiwa mojawapo. Ikajengwa upya mwaka 1677, kwenye kiwanja kilekile na kwa ramani ya zamani: ua katikati, majengo kuuzunguka, lango la kuingilia magari ya farasi, mazizi nyuma.

Hapa ndipo hadithi ya Shakespeare inapokwama. Utasikia kwamba alikunywa George na kutazama michezo kutoka kwenye roshani zile. Ukumbi wake wa Globe ulikuwa mtaa huohuo wa Southwark, kwa hiyo kwamba alipita pale si jambo la kushangaza. Lakini alifariki 1616. Mbao za kingo unazoegemea leo zilipigwa misumari miaka 61 baadaye. Kama alikuja, alikuja kwenye kiwanja. Hizi roshani hakuziona.

Roshani zenyewe zina kazi rahisi mno, na anayezistaajabia kama pambo hajalala kwenye gesti zetu. Kumbuka ile gesti ya ghorofa moja au mbili yenye vyumba vilivyopangwa mstari, milango yote inatazama uani, na mbele ya milango kuna njia ndefu yenye kingo. Mhudumu anapita pale na ndoo ya maji, mgeni anatoka chumbani na kuona gari lake lipo chini salama. Roshani za George ni hiyo njia. Jengo halikuhitaji korido ndani, kwa hiyo vyumba vilipata upana wote wa jengo. Mizigo ilipakuliwa uani na kupandishwa. Na ndiyo, ua ulipokuwa na kitu cha kutazama, awe mchekeshaji, mgomvi au gari lililochelewa, wageni walikuwa tayari wameshapata viti vya juu.

Chini kulikuwa na vyumba vya kungojea. Chumba cha kwanza kutoka barabarani kilikuwa cha abiria wa magari ya farasi, na hadi leo kuna saa kubwa ya ukutani ndani yake. Saa za aina hiyo huitwa saa za Bunge, na karibu kila mwongozaji wa watalii atakueleza kwamba mwaka 1797 serikali ilitoza kodi ya saa, watu wakaficha saa zao, wenye pabu wakatundika saa kubwa kwa ajili ya wateja. Kodi ilikuwepo kweli. Ilidumu chini ya mwaka mmoja. Na saa za namna hiyo zilikuwa zikitundikwa kwenye nyumba za pombe miongo kadhaa kabla yake, kwa sababu ambayo kondakta yeyote wa basi ataielewa: gari likiondoka saa kumi na moja alfajiri, abiria lazima waone ni saa ngapi, asije mtu akadai hakuambiwa.

Kilichoua gesti hizi hakikuwa moto. Reli ilifika London Bridge mwaka 1836, hatua chache tu kutoka langoni kwa George, na katika muda mfupi gari la farasi likawa kama teksi baada ya daladala kushusha nauli. Barabara ikabaki, wasafiri wakapita juu yake kwenye madaraja ya treni. Tabard ilibomolewa miaka ya 1870. White Hart ilifuata. George ilimilikiwa na kampuni ya reli iliyotaka nafasi ya maghala, na mwaka 1889 kampuni hiyo ilivunja pande mbili kati ya tatu za ua wenye roshani. Upande wa kusini ukanusurika. Mwaka 1937 mmiliki wa wakati huo, kampuni ya reli ya London and North Eastern, akaukabidhi kwa National Trust, chama cha hiari kinachomiliki na kutunza majumba na ardhi za urithi. Kwa hiyo unapopiga picha ya George, unapiga picha ya theluthi. Uwazi unaouona mbele yake, uliojaa meza za watu wanaokunywa bia jioni, ni pengo la nyumba.

Sasa tuje kwa yule wa pili katika mjadala, anayesema ubao haukai.

Msomaji aliyekulia kwenye nyumba ya kukandika ana elimu ya kutosha kuelewa pabu ya karne ya 15, nami sitanii. Unasimamisha nguzo na mihimili, katikati unafuma fito, halafu unakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng'ombe, mwishoni unapaka chokaa. Waingereza walifanya hivyohivyo kabisa. Tofauti kubwa ni mbili. Kwanza, mbao zao zilikuwa za mwaloni, mti mgumu usioliwa upesi na wadudu. Pili, fremu yao haikuchimbiwa ardhini. Ilikalia ukuta mfupi wa mawe au matofali, hivyo mguu wa nguzo ukabaki mkavu. Nguzo ya nyumba ya kukandika huanza kuoza pale inapoingia udongoni, na kila fundi anajua hilo. Itoe udongoni, weka paa lenye mabawa mapana, rudia kupaka chokaa, na hiyo nguzo itawazika wajukuu zako.

Mwaloni ulitumika ukiwa mbichi. Ukikauka unakuwa mgumu kiasi cha kukataa patasi, kwa hivyo maseremala waliukata, wakauchonga na kuusimamisha mapema, kisha ukakaukia kwenye nyumba. Ukikauka unajikunja. Hapo ndipo unapopata mihimili iliyopinda na sakafu inayokupeleka pembeni hata kabla hujaagiza kinywaji. Kupinda huko kumetokea zaidi katika miaka ya mwanzo ya nyumba; si lazima iwe dalili ya uzee wala ya kutaka kuanguka.

Viungo havikuwa vya misumari. Ncha ya mbao moja ilichongwa ulimi, nyingine ikatobolewa tundu, vikaingizwa na kufungwa kwa kijiti cha mbao kilichopenyezwa. Fremu iliundwa kwanza chini kwenye karakana, kila kiungo kikawekewa alama kwa namba za Kirumi zilizokwaruzwa kwa patasi, kisha ikafunguliwa, ikapelekwa kwenye kiwanja na kusimamishwa. Ni kama kitanda unachonunua Keko: fundi anakifungua, unakibeba kwa guta, unakifunga upya nyumbani ukifuata alama. Ukiingia kwenye pabu ya zamani, tazama juu karibu na viungo. Ukiona mistari III au IIII, hiyo ni sauti ya seremala. Nne waliiandika kwa mistari minne badala ya IV, kwa sababu ubao ukigeuzwa, IV na VI vinamchanganya mtu.

Mfumo huu wa kufungua na kufunga ndio unaoeleza jinsi banda la njiwa lilivyohama. Ndio pia unaojibu uvumi mmoja usiokufa: kwamba mihimili ya pabu hizi ilitoka kwenye merikebu za kivita zilizovunjwa. Watu huona matundu matupu kwenye boriti, yasiyoingiza chochote, wakasema lazima ilikuwa meli. Mara nyingi ilikuwa nyumba nyingine. Mbao nzuri haikutupwa. Nyumba ikivunjwa, boriti zake zilihamia kwenye nyumba mpya na matundu yake ya zamani. Pabu zilizo mbali kabisa na bahari nazo hudai meli yake, na hakuna aliyewahi kueleza nani alilipia kulikokota gogo zito lililojaa chumvi umbali wote huo wakati msitu wa mialoni uko nyuma ya kijiji.

Wataalamu hupima umri wa mbao kwa kuhesabu pete za mti. Mwaka wa mvua nyingi huacha pete nene, mwaka wa ukame huacha nyembamba, na mfuatano huo hufanana kwenye miti yote ya eneo moja, kama vile vidole vya mtu vinavyoacha alama yake. Wakitoboa boriti na kuchukua kijiti chembamba chenye pete, wanaweza kuulinganisha mfuatano na orodha ndefu iliyokwisha kuandaliwa na kusema mti ulikatwa lini, wakati mwingine hadi msimu. Kwa kuwa mti ulitumika mbichi, mwaka wa kukatwa unakaribia mwaka wa kujengwa. Isipokuwa, bila shaka, kama boriti imehamia kutoka nyumba nyingine, na ndiyo maana hawatobolei moja tu.

Dari fupi? Utaambiwa watu wa zamani walikuwa wafupi. Hawakuwa wafupi kiasi hicho. Mifupa yao haionyeshi taifa la mbilikimo. Chumba chenye dari fupi kinapata joto haraka, na kuni zilikuwa pesa. Isitoshe, sakafu za chini ziliinuliwa kila karne kwa tabaka jipya juu ya la zamani, huku dari ikibaki palepale. Kichwa chako kinagonga boriti kwa sababu miguu yako imepandishwa.

Na ile rangi nyeusi na nyeupe ambayo sote tunaiona kuwa ndiyo Uingereza ya kale? Kwa sehemu kubwa ni mapambo ya karne ya 19. Kabla yake mbao nyingi ziliachwa zichukue rangi yake ya kijivu, au zilipakwa chokaa pamoja na ukuta mzima. Waliopenda zama za kale wakazipaka lami na rangi nyeusi ili zionekane, kisha katika miaka ya 1920 na 1930 kampuni za bia zikajenga pabu mpya kabisa pembezoni mwa barabara kuu, zikabandika mbao nyeusi juu ya ukuta wa matofali. Ukikuta mbao zimenyooka kama rula na hazishikilii chochote, umesimama mbele ya mjukuu aliyevaa koti la babu.

Kaunta nayo ni mgeni. Katika George ya 1677 hukusimama mbele ya kaunta kuagiza. Uliketi, mhudumu akashuka kwenye stoo ya chini ya ardhi, akajaza jagi kutoka kwenye pipa, akakuletea. "Baa" ilikuwa kichumba chenye kidirisha ambamo mwenye nyumba aliweka vinywaji na hesabu zake. Mambo yalibadilika kwa sababu mbili. Pampu ya mkono ya kuvutia bia kutoka chini ilienea baada ya fundi Joseph Bramah kuipatia hataza mwaka 1797, na sasa mtu mmoja akaweza kuhudumia wengi bila kupanda na kushuka ngazi. Halafu ikaja sheria ya 1830. Tangu 1552 kuuza pombe kulihitaji kibali cha mahakimu wa eneo. Sheria hii mpya ilimruhusu mlipa kodi yeyote auze bia nyumbani kwake kwa malipo ya pauni 2 na shilingi 2 kwa mwaka. Maelfu ya sebule zikageuka pabu. Wenye pabu kubwa za mijini wakajibu kwa vioo vya kuchongwa, taa za gesi, mahogani na kaunta ndefu inayong'aa. Zile pabu ambazo mtalii anaziona ni za kale sana kwa sababu ya vioo na shaba, ukweli ni za mwishoni mwa karne ya 19, wakati ambapo Sultani Barghash alikuwa anajenga Beit al-Ajaib Zanzibar.

Crooked House ilikuwa mtoto wa zama hizi. Ilijengwa 1765 kama nyumba ya shamba. Wachimbaji wa makaa ya mawe wakachimba chini yake, ardhi ikatitia, upande mmoja ukashuka zaidi ya mita moja, ndipo ikaja kuwa pabu katika karne ya 19. Burudani kuu ilikuwa kuweka gololi kwenye ubao wa ukutani na kuitazama ikipanda mlima. Haikupanda. Madirisha, milango na kingo zote zilikuwa zimeinama, macho yako yakazichukua kuwa ndizo zilizonyooka, kwa hiyo ubao ulioteremka ukaonekana unapanda. Gololi ilifuata ardhi. Wewe ulifuata madirisha.

Wengi waliuliza: ilikuwaje jengo la 1765 livunjwe siku mbili baada ya moto? Jibu ni kwamba halikuwa kwenye orodha. Tangu sheria ya 1947, Uingereza huweka majengo yenye thamani ya kihistoria kwenye orodha ya kitaifa yenye madaraja matatu. Daraja la juu kabisa lina takribani asilimia 2.5 tu ya majengo yote yaliyoorodheshwa, na George imo. Kuorodheshwa hakumaanishi serikali imelichukua, wala kwamba huruhusiwi kupigilia msumari. Kunamaanisha huwezi kulibadilisha, nje wala ndani, bila kibali. Wakazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu wanaoomba ruhusa kabla ya kubadilisha mlango wanaelewa usumbufu huo. Jengo lililo kabla ya 1700 na bado lina sura yake huorodheshwa karibu bila mjadala. Crooked House ilikuwa imebadilishwa mara nyingi. Hata hivyo ilibomolewa bila kibali, ndiyo maana Februari 2024 halmashauri ya South Staffordshire iliamuru ijengwe upya, wenye jengo wakakata rufaa.

Kujenga upya kunawezekana, kumeshafanyika. Carlton Tavern ya Kilburn, London, ilijengwa 1920 na 1921. Aprili 2015 ilibomolewa bila kibali, wakati maafisa wa urithi walikuwa wameshaanza kuitathmini na kuweka kumbukumbu zake. Halmashauri ya Westminster ikaamuru irudishwe kama ilivyokuwa. Kumbukumbu zilizokuwepo zikatumika, vipande vilivyookotwa kwenye kifusi vikarudi ukutani, na Aprili 2021 milango ikafunguliwa tena. Kiwanja kilekile, jina lilelile, ramani ileile, baadhi ya matofali yaleyale. Atakapokutumia mtu picha yake na kuandika "pabu ya miaka mia moja", utakuwa na la kumuuliza.